Majivu ya Mama Leonsia: Kumbukumbu ya Gervasi Ndikuriyo

Mwaka umetimia, Baba Eustakia, tangu asubuhi ile ya Februari 1979 ulipotutoka hapa Biharamulo, baada ya kifua kukubana siku tisa. Redio ilikuwa inatangaza habari za vita, nawe ulikuwa unanisihi nipunguze sauti upate kuandika. Kalamu tuliitoa mkononi mwako sisi wenyewe.

Naandika mimi, Dafroza, mkeo, kwa niaba ya nyumba nzima. Wenzako wa chuo kikuu walikwisha toa tangazo lao, wakasifu maoni yako juu ya uchumi, sheria na elimu. Ni tangazo zuri, ila mtu huyo waliyemwandika simfahamu sana. Wangu mimi alikuwa akisoma gazeti huku analibishia kwa sauti, mpaka chai yake inafanya utando. Alikuwa akimwamkia kila mtu mzima njiani hata basi likimwacha. Na jirani akileta barua ya ofisini asiyoielewa, alimsomea mara mbili, kisha akamuuliza yeye anaonaje.

Kuuliza huko hukuzaliwa nako. Ulijifunza kwa uchungu, na leo nataka kulisema, maana wewe mwenyewe hukulificha.

Mwaka 1974, watu walipotakiwa kuhamia vijijini, ulikuja likizo nyumbani Mabawe na daftari lako. Ulichora barabara, ukapanga nyumba kando yake, ukaweka shule, zahanati na bomba la maji. Makazi uliyaandika upande mmoja wa karatasi, mashamba upande wa pili. Mama yako Leonsia alikuwa anachambua maharage, akakuuliza, "Sasa majivu yangu nitayamwaga wapi?"

Ulicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Tulidhani mama anaulizia jalala.

Jarida lenu la wasomi likachapisha maoni yako: migomba ibaki ilipo, watu wasogee barabarani, mtu atakwenda shambani kama mfanyakazi anavyokwenda kazini. Siku ya mkutano wa kijiji kiongozi aliyasoma mbele ya wote. "Hata msomi wenu mwenyewe amesema!" Mama alisimama, akajifunga kanga, akaenda kufunga mizigo. Nyumba mpya ilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka kwenye migomba yake.

Kuanzia siku hiyo, ulipomwambia, "Shikamoo, mama," alikujibu, "Marahaba, Bwana Mchumi." Alikupikia, alikufulia shati, alikuombea rozari ulipougua. Lakini neno "mwanangu" hukulisikia tena. Nilikuwa nikikuona unavyolisubiri kila ukimwamkia, na moyo uliniuma.

Baada ya misimu miwili ulirudi kupima. Migomba ilikuwa imekonda, mikungu midogo, mingine imelala chini. Ulizunguka siku nzima, kisha ukakaa kwenye kiwanja cha nyumba ya zamani, ndipo ukaona lile ambalo mama aliliona siku ile akiwa na maharage yake. Migomba ile ilikuwa inalishwa na nyumba. Majivu ya jikoni, maganda, samadi ya ng'ombe wawili, vyote vilitoka mlangoni kila asubuhi vikaishia shinani. Ulipoiondoa nyumba, uliiondolea migomba chakula chake.

Uliandika maoni mapya. Mhariri alitaka useme kwamba utafiti zaidi unahitajika. Ukamjibu kwa barua ambayo bado ninayo: "Mimi sihitaji utafiti. Nilihitaji kumsikiliza mama yangu." Ukaandika kwamba shule ulipatia, kwa sababu Eustakia wetu anakwenda darasani bila kuvuka mto, na kwamba migomba ulikosea. Ukaomba sheria imruhusu mwenye shamba la namna hiyo kujenga tena kando yake. Chini ukaweka jina lako lote. Haukupita mwezi, ukatolewa chuo kikuu, ukahamishiwa huku Biharamulo kufundisha elimu ya watu wazima. Hukulalamika. Ulisema hata huku kuna watu wa kuuliza maswali.

Tangu hapo kila likizo ulikwenda Mabawe, ukavua viatu vyako vya ofisini, ukajitwisha kikapu cha samadi mpaka kwenye migomba ya mama. Watu walikucheka. "Digrii imefika kichwani sasa!" Nawe ulicheka nao huku maji ya samadi yakikutiririka shingoni. Mama alikuwa akikutazama mlangoni. Jioni alikuwekea maji ya moto ya kuoga, akasema, "Karibu maji, Bwana Mchumi."

Vita ilipoanza na watu wa kaskazini ya mkoa wakawa wanapita hapa na magodoro kichwani, ulikwenda kukaa nao barabarani. Karatasi tuliyokuta kifuani pako ilikuwa juu yao. Mstari wa mwisho unasema: "Kabla hatujawapangia pa kukaa, tuwaulize wameacha nini."

Ulituusia tukuzike kwenye migomba ya mama, nasi tukakurudisha Mabawe. Wiki ile ile mama aliomba kibali, akajengewa kibanda cha nyasi pale pale penye kiwanja cha zamani. Sijui kama ni maandishi yako yaliyomlainisha mkubwa aliyetoa kibali, au ni machozi ya kikongwe. Ila kila asubuhi anatoka na kikapu cha majivu, anamwaga shinani, anapita kwako, anarudi.

Mwezi uliopita aliangusha mkungu wa kwanza wa maana tangu tuhame. Uliwashinda watu wawili kuubeba. Aliupika mwenyewe na maharage, akatupakulia sote, kisha akapakua sahani moja zaidi na kuiweka pembeni. Dada yako Scholastika akamuuliza ni ya nani.

"Ya mwanangu," alisema. "Kaifanyia kazi."

Mimi nilitoka nje nikalia, kwa furaha na kwa hasira pia, kwamba hukuwapo kulisikia. Ndiyo maana nimeandika, Gervasi. Nimeona ulisikie.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Dafroza, watoto wako Eustakia na Bonaventura, dada yako Scholastika, shemeji yako Anastazi, na majirani wa Mabawe waliokucheka na ambao sasa wanabeba samadi. Nilipomuuliza mama tumwandikeje, nilikuwa nimekwisha andika "mama wa marehemu mchumi". Aliniambia nifute. Amesema iwe hivi: Leonsia, mama yake.

Siku zote uko nasi, hatutakusahau.