Wifi Ameninunia Tangu Nilipomkatia Vidonge

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kama wewe ni mkubwa wangu basi shikamoo, na kama ni rika langu tusameheane, maana safu yako naisoma kila wiki nikisubiri picha zitoke kwenye mashine na sijawahi kuona umetaja umri wako. Mimi ni mke wa mpiga picha na mimi mwenyewe ni mpiga picha, studio ni yetu sote ingawa kibao cha mlangoni kina jina lake peke yake, yeye anashughulika na harusi na mahafali, mimi nimekaa dukani na picha ndogo za vitambulisho na pasipoti, kaa wima, kidevu chini kidogo, usicheke, tayari, ndiyo kazi yangu kutwa nzima.

Miaka miwili iliyopita vidole vyangu vilianza kuvimba, asubuhi siwezi kufunga kifungo, kamera inaniponyoka, ikafika mahali mume wangu ananichana nywele kama mtoto wa chekechea, tukaenda hospitali, daktari wa viungo akasema mwili wangu unapigana na viungo vyake wenyewe, akanianzishia prednisoloni, zile steroidi za vidonge vidogo. Mshauri, sikudanganyi, wiki haikuisha nikawa napiga picha, nadeki, naimba, na njaa! Loo, njaa ile sijawahi kuiona, nilikuwa naweza kumaliza mkate mzima huku nasubiri chakula kiive. Basi nikanenepa, na wala si mwili wote, ni uso, mashavu yakajaa yakang'aa, wateja wakawa wananiambia mama umetulia, ndoa imekupenda, nami najichekea tu, maana ndoa haina habari, ni vidonge.

Sasa nina wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, tunaishi naye nyumba moja na kazi tunafanya pamoja, yeye ndiye anayewapaka wateja poda wasing'ae kwenye picha. Ni mwembamba tangu kuzaliwa, mtaa mzima unamwita Njiti, na huyo ndiye rafiki yangu kuliko hata dada zangu wa tumbo moja, tunaazimana viatu, tunamsengenya kaka yake mbele yake mwenyewe. Akawa ananitazama, ananitazama, siku moja akaniambia, "Wifi, na mimi nataka mashavu." Nikamwambia haya si mashavu, hii ni dawa. Akasema, "Basi nipe dawa." Tukacheka sana, nikampa.

Usinigombeze bado, mshauri, ngoja nimalize.

Kuanzia hapo ikawa kila asubuhi baada ya chai tunameza pamoja, mimi vyangu yeye vyake, duka la dawa la hapa mtaani wananijua, nilikuwa nawaonyesha cheti changu cha daktari wananipa bila swali, na mambo yakaenda hivyo miezi minane. Na vikamkubali! Njiti akapata mashavu, akapata shingo, mama mkwe alipokuja kututembelea alimshika uso kwa mikono miwili akanigeukia akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki, huyu mimi nimemlisha mpaka nikachoka, wewe umemweza." Nikaitikia amina. Mume wangu akampiga picha moja kubwa akaiweka dirishani, na fundi simu wa duka la jirani, ambaye hajawahi kusafiri hata kwenda mji wa pili, ameshapigwa picha za pasipoti mara nne, kila akija anasema zile za mwanzo alifumba macho.

Mwezi uliopita daktari akaniambia vipimo vyangu vimekaa vizuri, sasa tuanze kupunguza dozi, ila polepole, nusu kidonge, tuone mwili unasemaje, halafu nusu nyingine, akaniandikia cheti kipya na kile cha zamani akakichana mbele yangu, akanionya kwa kidole nisithubutu kuacha ghafla. Nikasema sawa, daktari. Napunguza kama alivyosema, vidole vinalalamika kidogo asubuhi lakini kazi inakwenda. Sasa wifi je? Vyangu vimeandikwa vya kunitosha mimi tu, na duka la dawa bila cheti kile wamegoma. Nikaona heri niwe mkweli, nikamwambia, "Wifi, ugawaji umekwisha. Mashavu umeshapata, shukuru Mungu, kuanzia kesho hakuna tena." Akanitazama akasema, "Sawa, wifi. Kumbe uchoyo huwa unaanza hivi," akaingia chumbani kwake.

Na tangu siku hiyo ameninunia. Mshauri, nimeona watu wakinuna, mimi mwenyewe nikinuna nanuna kweli, lakini huyu amepita kiasi. Mwanzoni alikuwa kimya tu, anafanya kazi yake anaondoka. Wiki hii hata dukani haji, amelala. Nikimpelekea chai anaonja kidogo anaitapika, nikaona makusudi hayo, anataka nijue kwamba cha mkononi mwangu hakimpiti kooni. Juzi nimempikia supu nzuri, akasema tumbo linamuuma, mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa anamaliza sahani yake na ya kaka yake. Akiinuka kwenda msalani anashika ukuta, anakwenda kama ajuza, mume wangu anamtania, "Haya, mgonjwa wa heshima anapita," wala hacheki. Jana nimemsemesha weee, nimempigia magoti kando ya kitanda, nimemtania habari za fundi simu, akafungua macho akasema, "Wifi, niache," akayafumba. Mume wangu anasema nimpuuze, akishiba kununa atakula. Na mwisho wa wiki mama mkwe anakuja, sasa akimkuta mwanawe amerudi kuwa Njiti na hanisemeshi, uso wangu huu mpana nitauficha wapi?

Swali langu ni moja tu, nimwombeje radhi? Nimnunulie kitu, nimngoje mama mkwe atuamue, au nigawane naye hivi vyangu kidogo ili amani irudi? Nampenda sana huyu mtu, mshauri, nyumba imepoa, na poda sasa naipaka mimi, wateja wanatoka kwenye picha kama waliotumbukiza uso kwenye unga. Namba yangu ya simu iko hapo chini.

Wako,
Mwenye Mashavu

JIBU

Marahaba, mwanangu, maana mimi ni mkubwa wako kwa mbali, na kwa ukubwa huo nakwambia: wifi yako hajanuna. Anaumwa.

Wasomaji wangu, jibu mnalolisoma hapa ni la pili. La kwanza nililitoa kwa simu siku ile ile barua ilipofika, kwa sababu nilipofika pale pa kushika ukuta niliiweka chai yangu chini nikaanza kutafuta namba. Halikuwa jibu la adabu. Nilimwambia, "Funga duka, mpelekeni huyo mtu hospitali sasa hivi, na mkifika, kabla hata ya salamu, semeni amemeza steroidi miezi minane na ameacha ghafla." Mnajua aliniuliza nini? "Kwani, mshauri, kununa kuna dawa hospitali?" Jamani! Nilitamani nipenye kwenye simu nikamfinye.

Sasa tulia nikueleze, mwanangu, na haya si ya kichwani kwangu, nimemuuliza daktari, maana mimi ni mshauri wa mioyo, figo sizijui. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo, na kazi yake mojawapo ni kutengeneza kitu cha aina hiyo hiyo ya steroidi, kinachotushikia presha, sukari na nguvu ya kuinuka kitandani. Ukiziletea ya dukani kila siku kwa miezi, zinalala zake, zihangaike ya nini? Siku ukiikata ghafla, ya dukani haipo na zenyewe hazijaamka, mwili unabaki mtupu. Ndicho kizunguzungu kile, ndiyo matapishi, ndilo tumbo, ndiyo sababu mtu anashindwa hata kugombana nawe. Presha ikiendelea kushuka mtu hufa, huku ndugu zake wamekaa sebuleni wanasema anadeka.

Daktari wako alikuonya usiache ghafla. Ukasikia, ukatii, vidole vyako vimekaa salama, hongera. Lakini aliyekuwa anameza dawa ile ile, juu ya chai ile ile, hukukumbuka kwamba naye ana tezi zake. Wewe ulipewa njia ya kushukia, ngazi kwa ngazi. Yeye ulimwambia "kuanzia kesho hakuna tena". Hapo ndipo uliponiudhi, na nimeshakugombeza kwa simu kwa hiyo sirudii, ingawa ningependa.

Eti ugawane naye vyako amani irudi! Thubutu! Mngelala wawili badala ya mmoja, na mume wako angewatania wote. Shida yako wewe si uchoyo, mwanangu, afadhali ungekuwa na kauchoyo kidogo. Viatu azimaneni, hata vikizidi mguu mtaweka karatasi. Dawa ya cheti ni ya aliyeandikiwa. Na wewe muuza dawa, unayempa mtu steroidi kwa kuwa tu mnasalimiana, jitafakari.

Na kwa wote mnaosoma huku mnayaonea wivu mashavu ya watu: kunenepa kule si afya. Dawa imehamisha mafuta, imezuia maji mwilini, na huku nyuma presha na sukari vinaweza kupanda, mifupa ikalegea, kidonda kikachelewa kupona. Anayeihitaji anaimeza akiwa chini ya macho ya daktari, kwa sababu ugonjwa wake ni mbaya kuliko hayo. Njiti hakuwa na ugonjwa. Alikuwa mwembamba tu, jambo ambalo halijawahi kuandikiwa cheti.

Mtaniuliza, je, mashavu yatapungua? Yatapungua, yako na yake, taratibu. Na yule jirani wa picha za pasipoti, akiacha kuja kwa sababu mashavu yamepungua, basi alikuwa anataka pasipoti kweli.

Sasa hatua za kufuata. Kila mmoja wenu awe na cheti chake na mpango wake, na msishindane nani amemaliza kwanza, maana yeye huenda akachukua muda mrefu kuliko wewe au mfupi, na mwenye kujua ni daktari anayewapima. Vidole vikikuuma zaidi unapopunguza, usijiongezee kimya kimya, wala usiruke hatua ili uonekane shujaa. Nenda kliniki ukaseme. Mkishikwa na homa kali, mkiumia, mkitakiwa kufanyiwa upasuaji, au mkitapika dawa isikae tumboni, msingoje kesho. Nendeni hospitali mkaseme kwa sauti kwamba mnatumia steroidi, maana siku kama hizo mwili unahitaji zaidi na wao ndio watakaojua kiasi. Andikeni kwenye kikadi, kikae pochini, ili hata mkiokotwa barabarani anayewaokota ajue. Na hayo yaendelee hata baada ya kidonge cha mwisho, mpaka daktari aseme tezi zimeamka kabisa.

Mama mkwe naye umweleze mwenyewe, yote, tangu siku ya "basi nipe dawa". Usimwachie mume wako, yeye na mzaha wake ataharibu. Atakugombeza. Gombezwa. Alikubariki kwa kitu usichokifanya, sasa muache akukaripie kwa ulichokifanya, halafu muende sawa.

Kabla gazeti halijachapwa nilipiga simu tena. Ukanipa habari kwamba ametundikiwa dripu, amerudishiwa dawa kwa mpango wa daktari, amekaa kitandani na ameomba mkate. Halafu akakunyang'anya simu mwenyewe. Nilimuuliza kama anaruhusu barua yako itoke, akasema itoke yote, hata mahali ulipomwita ajuza. Kisha akashusha sauti, nadhani ulikuwa umetoka kidogo, akaniambia maneno ambayo nimeona uyasome hapa mbele za watu wote.

"Mshauri, mimi nilikuwa nataka kumwambia naumwa. Lakini kila nikifungua mdomo, ananiomba msamaha."

Kwa hiyo mwanangu, mtu akishika ukuta, mwulize kwanza anaumwa wapi. Radhi utaiomba njiani, mkienda hospitali.