Dawa Yake Nyeupe, Yangu ya Maji

Jumatano, 5 Februari 2025

Bandeji imetoka! Kitu cha kwanza kuona ni mikono yangu. Imezeeka hivi lini? Miaka hii yote nimeshona nayo na sikujua.

Mtoto wa jicho ameisha, lenzi mpya imekaa sawa. Kilichobaki ni matone ya kutuliza uvimbe wa ndani. Kliniki inalinganisha dawa mbili: wengine wamepewa ya steroidi, wengine isiyo na steroidi, waone ipi inatuliza haraka bila kusumbua. Tulikubali wenyewe.

Kwa benchi nilikaa na mzee mmoja wa Kawangware, fundi wa mbao, anaitwa Wepukhulu. Tukaonyeshana chupa. Yake nyeupe, lazima aitikise kwanza. Yangu safi kama maji. Akasema, "Mama, mimi nimepewa maziwa, wewe wamekuchotea kwa mfereji." Nilicheka mpaka watu wakageuka! Tumepeana namba.

Alhamisi, 6 Februari

Hii maji inachoma! Tone la kwanza shavuni. La pili sikioni. Nililala chali nikiangalia mabati, nikajiambia kwa sauti, "Syombua, usitingishike." Sauti yangu mwenyewe ikanishtua. Sikuwa nimeisikia tangu asubuhi.

Mwanangu Nzuki yuko Qatar. Alipiga Krismasi. Jirani mpya — namjua kwa redio yake tu.

Ijumaa, 7 Februari

Wepukhulu amepiga! "Sasa Mama Nzuki, jicho limeamkaje?" Nikamweleza habari ya sikio. Akanifundisha: vuta kope la chini liwe kama kamfuko, angalia juu, dondosha, funga jicho taratibu, usilifinye. Akangoja kwa simu mpaka nikaweza. Mkewe alifariki mwaka juzi. Anasema nyumba imekuwa kubwa, na ni chumba kimoja tu.

Jumanne, 11 Februari

Anapiga kila asubuhi. Tunalinganisha. Wekundu — wake umepungua kunishinda. Dawa yake haichomi kabisa, lakini daktari alimwonya inaweza kupandisha presha ya jicho, ndiyo maana wanampima. Yangu inachoma, halafu inapoa. Tukimaliza macho tunaingia mengine. Leo ni kitanda anachotengeneza na mteja anayebadilisha mawazo kila siku. Jana ni githeri niliyounguza, mahindi na maharagwe yote makaa. Githeri, jamani! Tuliongea mpaka simu ikapata moto.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimetunga uzi kwa sindano. Kujaribu mara moja tu! Nilipiga kelele peke yangu. Hakuna uchungu, hakuna wekundu, hata mwanga wa mlangoni hausumbui.

Simu ikalia. Kabla sijasema, yeye akasema jicho lake limepoa kabisa, ni kumalizia dawa tu. Akacheka. "Na wewe ukipona, tutaacha kusumbuana."

Nikasema langu bado linauma.

Jumapili, 16 Februari

Nimeongeza chumvi. Nimesema linauma hata nikiwa kanisani — na kanisani sikuenda. Alikasirika, lakini si kwangu. "Hiyo maji yako haifanyi kazi! Rudi kliniki." Nikasema nitangoja siku yangu ya kuonwa. Aliniuliza kama nimekula. Baada ya simu nilikaa nimeishikilia, kama mjinga.

Jumanne, 18 Februari

Hajapiga.

Jumatano, 19 Februari

Hajapiga. Nimepiga mimi. Anasema yuko sawa, ana kazi. Sauti fupi. Amegundua? Au ameshachoka na mimi? Nimeshona mfuko wa sketi ukakaa nje.

Alhamisi, 20 Februari

Naandikia hapa kliniki.

Asubuhi nilisikia hodi. Wepukhulu! Ametoka Kawangware, ameulizia mtaa wetu wa Gatwekera mzima "Mama Nzuki fundi wa nguo" mpaka akanipata. Miwani nyeusi, kofia mpaka kwa nyusi. Akatoa chupa yake kwa mfuko wa koti. "Nimekuwekea. Hii ya maziwa ndiyo inaponya. Lala nikudondoshee."

Nikamuuliza, na wewe? Akasema lake lilishapona, aliacha kujiwekea tangu Jumapili ili ibaki ya kunitosha. Nikamwambia atoe miwani. Hakutaka. Nikamvua mimi.

Jicho jekundu kama nyanya! Linatoa machozi, hawezi kuangalia mlango. Ananiona kama kwa ukungu.

Nikasema yote hapo hapo, nimesimama. Langu halina shida. Nilidanganya.

"Kwa hivyo ni zima?"

"Ni zima."

"Tangu lini?"

"Ijumaa ile."

Akarudisha chupa mfukoni. Afadhali angenitukana. Mwisho akasema, "Basi ni vizuri." Akatafuta miwani yake kitandani kwa kupapasa.

Nimemleta huku. Kuvuka barabara nilimshika mkono, hakuutoa. Lakini kwa hilo jua alikuwa haoni — labda ni hiyo tu.

Daktari amemwangalia, nimesikia akifoka: dawa haikatwi ghafla hivyo, na haigawanwi! Uvimbe umerudi na nguvu. Jicho halijapotea, asante Mungu, ila ni kuanza upya.

Sasa hivi nesi ametoka. "Nani amekuja na mzee Wepukhulu?" Nikainuka. Anasema sasa atawekewa matone kila saa, na kwa ukungu huo hawezi kujiwekea mwenyewe. Daktari hamruhusu aende bila mtu wa kukaa naye. Halafu akaniangalia. "Wewe ni nani wake?"

Nikasema ngoja kidogo, dada.

Amekwenda kuita mgonjwa mwingine. Mlango ameuacha wazi. Naona magoti ya Wepukhulu na kofia juu yake. Ametulia sana. Swali alilisikia, na ile "ngoja kidogo" yangu pia. Nesi huyo anarudi — nainuka, nimwambie nitakaa naye mimi.