Viazi vya Lusenge Vilivyorudishwa Langoni

Butembo, Agosti 2001

Mpendwa Mama Orpa,

Nakuja kwako kwenye ukurasa wako wa gazeti kwa sababu kuna sauti moja imekaa ndani yangu na haitoki, sauti ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikiondoka langoni kwetu na magunia yaleyale iliyokuja nayo. Chukudu iliyoshusha mzigo hutoa kelele nyepesi ya kurukaruka. Hii ililalamika kama mtu mzima. Aliyekuwa akiisukuma ni Lusenge, baba wa mtoto wangu, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mtoto mgongoni, namsikia anavyohema kwenye mpando, wala sikutoka.

Nasoma sheria hapa mjini. Miaka miwili iliyopita, tulipokimbia risasi, mama, mimi na wadogo zangu, tulipokelewa kijijini Masereka na mama yake Lusenge, mwanamke ambaye hatukumjua, akatupa chumba na kutulisha viazi na maharagwe msimu mzima bila kuuliza tutaondoka lini, na ni huko nilipompenda mwanawe, mlimaji asiye na maneno mengi, nikarudi Butembo na mimba. Baba mdogo Éliakim, anayetutunza tangu baba afariki, alisema mwanaume huyo asikanyage kwake bila mbuzi wa faini na wa mahari. Lusenge alikuwa na mbuzi. Kisha askari wakapita kwao, wa kundi gani hata yeye hakujua, wakawala. Basi akaja na alichobakiwa nacho, viazi.

"Mbuzi iko wapi?" baba mdogo akamuuliza langoni.

"Papa, basoda balizikula. Minaleta kwanza biazi ya mutoto. Mbuzi nitatafuta."

"Hapa hapana soko."

"Hii hapana ya dot, ya mahari, Papa. Ni ya mutoto. Mutoto hawezi kungoja mbuzi."

"Rudisha! Leo tutapokea gunia, kesho utajiita beau-fils, mukwe wetu."

Kwetu ni hivyo, Mama Orpa, ukipokea chakula cha mwanaume umempokea mwenyewe. Alirudi mara nyingine, tena na tena, na kila mara magunia yalirudishwa. Mwisho akaacha kuja, na hapo ndipo ilipoanza kusemwa nyumbani, kisha kanisani, kwamba Lusenge halishi mtoto wake. Wamama wa chama chetu walinizunguka: "Banaume ba leo! Anazalisha, anakimbia." Wakaniletea sabuni na nguo za mtoto, na mimi niliyejua njia yaliyopitia magunia nilipokea sabuni yao pamoja na huruma yao, nikainamisha kichwa kama mwanamke aliyeachwa.

Sasa kuna mfanyabiashara wa Beni, jina lake Kahongya, ana butiki karibu na uwanja wa ndege wa Mavivi, ameanza kuuliza habari zangu, naye hataki mtoto mwenye baba anayeweza kugonga mlango. Kwa hiyo baba mdogo anataka twende tribunal aandikwe yeye kuwa baba wa kisheria wa binti yangu Providence, na mimi niseme mbele ya hakimu kwamba baba hajulikani. Kifungu cha sheria kinachoruhusu hilo nimekisoma, najua kiliwekwa kwa ajili ya mtoto asiye na baba. Wangu anaye, ana pua yake.

Nikikataa, baba mdogo hatalipa tena masomo yangu, na mama na wadogo zangu wanalala chini ya bati lake. Tena kuna jambo linalonitesa nikiwa peke yangu: nimeandika kazi nzima juu ya wanawake wanaotelekezwa na waume, na ni kweli, wako wengi mno, je, nikisimama kusema kwamba hapa aliyeonewa ni mwanaume, si nitakuwa nimewasaliti? Tunaitwa tribunal wiki ijayo. Niseme nini?

Mama Providence

—

Mama Providence,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nilikasirika. Pokea yote mawili.

Pole, mwanangu. Vita vimetufanya wengi kuwa wageni katika nyumba za ndugu zetu, na mgeni hujifunza kunyamaza. Lakini nikuulize: viazi vya mama yake Lusenge mlivyokula mkiwa wakimbizi, havikuwa na harufu ya beau-fils? Wakati ule nani aliuliza habari ya mbuzi?

Unasema watu wanasema Lusenge halishi mtoto. Alilisha. Ninyi ndio mliofunga mdomo wa mtoto, kisha mkamshitaki baba kwa njaa. Simfanyi malaika, alikupa mimba kabla ya kuja kwenu, na alipaswa kuja na wazee wake, si peke yake na chukudu. Hilo atalijibu. Ila mbuzi ni deni kati yenu wakubwa. Chakula ni haki ya mtoto, na kulea ni haki ya baba kama ilivyo yako. Sheria unayoisoma inasema kila mtoto awe na baba. Wapi ilisema baba mwenye mbuzi?

Na usijifiche nyuma ya wanawake walioachwa. Wananiandikia kila wiki, nawajua. Unaowadhuru ni wao. Siku uongo wako utakapojulikana, kila mwanaume wa mji huu aliyemkimbia mtoto wake atamwambia mke wake: "Weye pia unaficha magunia."

Fanya hivi. Zungumza na mama yako kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha mtafute mchungaji wenu na mama mmoja mwenye heshima, waende kwa baba yako mdogo. Mshukuru kwa miaka yote aliyowalea, mshukuru kwa magoti, halafu ukatae. Tuma ujumbe Masereka, Lusenge aje na mama yake na mzee wa ukoo, mwende pamoja bureau ya état civil, wanakoandikisha watoto, amtambue mtoto wake. Siku hiyohiyo magunia yapokelewe, mchana, majirani wakiona. Na wale wamama wa chama waambie ukweli kwa mdomo wako mwenyewe. Watachukia, kisha watapoa.

Masomo yanaweza kungoja mwaka. Jina la baba likishafutwa na hakimu, utalirudisha kwa kilio gani?

Mama Orpa

—

Mama Orpa,

Gazeti lilipotoka nilikuwa tayari Masereka. Sikuweza kungoja jibu, na sikupitia kwa mchungaji, unisamehe. Nilimwambia mama jikoni, akafunika sufuria, halafu akasema, "Enda mbele ya jua ipande. Mi nitabaki na kelele." Kelele zilikuwa kubwa. Baba mdogo amesema nisirudi kwake. Mama bado yupo huko na wadogo zangu, na sijui kwa muda gani. Mwaka huu sitasoma.

Mama yake Lusenge alinipokea bila neno kali, na hilo liliniuma kuliko tusi. Yeye Lusenge siku mbili alimbeba tu mtoto, huyu analia kwa sababu hamjui, naye anatembea naye uani hadi anyamaze. Siku ya tatu tukaenda bureau pamoja na mjomba wake. Karani akanigeukia mimi, kama wanavyozoea kuwauliza wamama, baba wa mtoto ni nani. Nikamwambia amuulize mwenyewe, yuko hapa. Lusenge akataja jina lake. Karani akasema hajasikia, yeye akalitaja tena, na mimi nikaweka sahihi chini yake.