Albamu ya Aganze ku kizuizi

Laurette, nimefika nyumba. Hawakunipiga.

Asubuhi ku barrière ya Kasha, pale askari wanazuiaka njia, askari moja alininyanganya telefone. Akaweka écouteurs yangu mu masikio yake, akasikiliza wimbo ya kwanza ya ile albamu rafiki yetu Aganze alitutumia mu groupe yetu ya muziki juzi.

Akaisikiliza yote mpaka mwisho. Yote, Laurette! Mimi niko nasimama tu.

Akauliza, "Nani alikutumia hii?"
Nikamujibu, "Rafiki yangu."

Akafungua photo ya Aganze, akaiangalia sana.
"Huyu tulimuzika jana, dada."

Alisema vile, polepole. "Tulimuzika jana." Akanirudishia telefone.

Nikamwambia aksanti. Laurette, nilimwambia aksanti!

Sijalia. Maman yake Aganze iko ananipigia simu sasa hivi, mara ya tatu, na mimi sijaitika.