Pua ya Mama

Changamwe, Mombasa

Kwa ndugu yangu Mwavali,

Nakusalimu kwa sababu Mama amenisimamia hapa. Sisi tuko salama, jua la huku ni kali, na kazi yangu ya kufua mashuka ya hoteli bado ipo. Sikuulizi afya. Mtu anayekula kama wewe hakosi kuwa mzima.

Uliniambia kwa simu kwamba Mama anakula mboga iliyochacha, anaunguza sufuria akiwa ameketi papo hapo, kwamba akili imemwisha. Nikaja huko nyumbani Malinya nikamchukua. Wiki ya pili nilitoka kazini mchana nikakuta jirani amefungua madirisha yangu yote. Gesi ilikuwa inavuja. Yeye alisikia harufu yake kutoka kwenye ngazi. Mama alikuwa kando ya mtungi akimenya ndizi, kiberiti kiko mapajani. Hakuwa amenusa chochote.

Kesho yake nikampeleka hospitali. Daktari akamwangalia pua, akampima damu, kisha akamuuliza anakula nini nyumbani. Mama akajibu, "Nakulanga obusuma na mboga, na strungi. Ingokho ni ya wanaume. Mayai ni ya Mwavali." Nikamfasiria daktari: obusuma ni ugali, strungi ni chai isiyo na maziwa, ingokho ni kuku.

Ikaonekana damu yake ina upungufu wa zinki, madini yaliyo kwenye nyama, samaki, mayai, hata maharagwe. Daktari alisema mtu akiyakosa muda mrefu, pua inaweza kuacha kunusa na chakula kikakosa ladha. Wazimu hakuutaja.

Mwavali, kuku hao anawafuga nani? Anawafuga Mama, mnawala wewe na wageni wako wa uwanja wa mafahali. Nimeona kwa macho yangu fahali wako wa kupigana akipewa unga na molasi, na jiwe la chumvi ya madini umemwekea zizini alambe atakavyo. Aliyekuzaa hana hata yai. Nami nilikaa huku nikiamini analishwa. Hilo ni kosa langu, sikubandikii wewe.

Nimemlisha samaki, mayai na ndengu, pamoja na vidonge alivyoandikiwa. Wiki sita hakuna kitu. Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni nakaanga samaki, nikamsikia kutoka chumbani: "Inaungua hiyo." Nikaiacha iungue, nikaenda kumshika mikono. Bado hanusi sabuni wala maziwa yaliyoharibika, lakini pua imeanza kurudi.

Nikamuuliza kama anataka kurudi nyumbani. Akasema, "Kwa Mwavali nilikuwa nakulanga nyuma ya ng'ombe. Sitaki tena."

Basi harudi. Usitume mtu kumbembeleza.

Msalimie senje, dada ya baba, na mchungaji aliyemwombea Mama. Mkeo, mulamwa wangu, mwambie kuku wote Mama amempa yeye. Ale mayai yeye na binti zenu, na asikuombe ruhusa.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Khasandi