Gari la rada bila Nzioka

Jumamosi usiku, Agosti 2004

Na Nzioka, wa kunicheka nikikufa kwa mchezo wa kompyuta, tulimzika Alhamisi, kule Kalama.

Leo nilirudi saiba, pale tunalipia kompyuta kwa saa, peke yangu. Ile gari yetu ya mchezo wa vita, ya kuangusha ndege, ni kali lakini iko na ujinga wake. Ukiwasha rada, adui anajua mahali uko, na kombora linaifuata mpaka kwako. Tena rada haioni helikopta inayotambaa chini nyuma ya kilima.

Ndiyo maana tulikuwa wazee wawili kwa kibodi moja, Nzioka kwa rada, mimi kwa usukani.

"Zima hiyo kitu, utatuua," namwambia.

"Endesha, mzee. Wewe hata punda ilikushinda."

Leo nikiangalia rada, gari inasimama. Nikiendesha, rada haina mtu. Mwenye saiba akauliza kama anitafutie mwenzangu. Nikasema macho yamechoka.

Kwa kaburi sikulia, nilitania tu kwamba jeneza ni fupi. Lakini leo helikopta ilipotokea nyuma ya kilima, nilisema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Nzioka, zima hiyo kitu."

Halafu nikangoja anitukane.