Jina la Mwenye Ndoo

3 Machi
Mdogo wangu,
Hujambo? Mimi mzima, ila nimekasirika na sitaumauma maneno.

Mwanangu amenisomea makala ya maabara yenu, mlivyochanganya rangi na DNA ya samaki mkapata leza, ule mwale mkali wa mwanga. Miezi sita nimesimama kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki nikichambua korodani za samaki dume zinazotupwa, nikikutumia kwa ndoo mtoe DNA. Nazisuuza mara tatu kwa maji ya barafu, maana ulisema joto linaikatakata hiyo DNA. Leo mmeandika ilinunuliwa dukani! Tangu lini mimi ni duka?
Kaka yako

11 Machi
Kaka,
Shikamoo. Mimi sijambo. Mama anaendeleaje?

Usinigombeze. Bosi alisema wasomi hawataamini kitu cha kwenye ndoo, lazima kiwe cha chupa yenye lebo. Nikaandika alivyotaka. Na kusema kweli, mwanga unatoka kwenye rangi, DNA inaishikilia tu.

Ila niokoe. Tarehe mbili Aprili wasomi wageni wanakuja kuthibitisha leza yetu. DNA ya chupa tumeijaribu, utando tunaoutengeneza kwa rangi na DNA hiyo unang'aa tu, hautoi mwale. Tuma kilo mbili za ndoo yako upesi.
Mdogo wako

15 Machi
Mdogo wangu,
Salamu baadaye. "Inaishikilia tu!" Basi na ishikiliwe na hiyo ya dukani. Mkitaka ndoo, andikeni jina la mwenye ndoo, kiwanda chake na anavyosuuza. La sivyo situmi hata kipande.
Kaka

4 Aprili
Kaka,
Shikamoo. Umefurahi? Nilisimama mbele ya wageni watatu na utando unaong'aa kama kidude cha watoto. Wakauliza DNA ya kwanza ilitoka wapi. Nikawaambia yote, bosi kanikodolea macho. Makala imesahihishwa. Jina lako lipo, kiwanda kipo, na kusuuza kwako mara tatu kupo. Bosi hanisemeshi. Roho yako imetulia sasa?
Mdogo wako

20 Aprili
Mdogo wangu,
Mama hajambo. Mimi sijambo, ila sina kazi.

Meneja kaletewa makala. Uchafu aliokuwa akituamuru tuuzoe kwa koleo kila jioni, leo ni mali ya kiwanda, na mimi ni mwizi. Aliniita akaweka kidole juu ya jina langu. Walinzi wakanitoa mbele ya wenzangu, mabuti ya mpira bado miguuni.

Najua sasa hivi unafikiria kunisitiri. Jina langu usithubutu kulifuta.
Kaka yako